Kanuni ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Jumamosi, 14 Februari

Imekubali! Kompyuta kuukuu ambayo Monsieur Darius, mwalimu wetu wa informatique, alituachia ofisi yake ilipohama, leo imekuwa seva. Nimeiweka kwenye stoo ya duka la vipuri vya magari la mjomba Swedi, kati ya maboksi ya filtres na plaquettes za breki, na sasa hata daftari langu linanuka vidange, ile oili chafu ya magari. Waya wa modemu unaingia upande mmoja, upande wa pili unatoka kwenda kwenye kisanduku cha wifi kilichotundikwa uani. Parcelle nzima, vyumba vyote vya ua huu, imepata connexion ya intaneti.

Wapangaji walikuja kuangalia. Mi mbele ya watu ulimi hugeuka ubao, lakini mjomba alinisukuma. "Ingénieur, waeleze!" Nikaeleza nikiwa naangalia ndala zangu. Kwamba kampuni ya intaneti imetupa anwani moja tu ya kutokea nje, na sisi tuko vyumba vingi. Basi kila mtu akiomba kitu, seva inamvua anwani yake ya humu ndani, inamvika ile moja ya nje, na inakumbuka nani kaomba nini. Jibu likirudi, inamfikishia mwenyewe mlangoni kwake.

Mama Consolée, yule wa chumba cha karibu na robinet, bomba letu la maji, aliyevuka mpaka na wenzake kutoka Uvira mwezi wa kumi na mbili, akauliza: "Sasa mutoto yangu akinitafuta, atanijua aje, kama sisi bote tunavaa sura moja?"

Watu wakacheka. Nikamwambia atakujua, mama, seva haisahau. Niliona fahari kusema hivyo.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Interro ya hesabu, mtihani mdogo. Hakuna jingine.

Alhamisi, 19 Februari

Leo ndiyo funga ya kwanza. Jioni kabla ya futari tulisikia ukelele uani, mke wa mjomba akaangusha mwiko. Kumbe ni Mama Consolée. Mwanawe Dieudonné kapiga.

Simu ya mama haina laini, bado anangoja karatasi za ukimbizi, kwa hiyo wifi yetu ndiyo njia yake pekee. Na mwanawe hana simu kabisa, huazima ya watu. Siku ya kukimbia vita walikuwa wamegombana. Dieudonné alitaka abaki alinde mashine zake za kushonea viatu, mama akamwambia kwa hasira, "Baki basi, ufe nazo." Akabaki. Baadaye akakimbilia upande mwingine, kwa boti ya ziwani, mpaka Kalemie. Tangu hapo hawakuwa wamesikiana.

Leo wamesikiana. Anapakua magunia bandarini. Kuna patron, tajiri mmoja, anakusanya vijana awapeleke machimbo ya dhahabu, na Dieudonné amesema: "Mama, bila neno yako siendi." Kabla mama hajajibu, mwenye simu akaidai simu yake.

Mama Consolée akaja moja kwa moja dukani, kanga mabegani, machozi bado. "Papa Swedi, mutoto akikuja, atalala wapi? Chumba yangu ni kitanda tu."

"Atalala hapa stoo, atanilindia plaquettes," mjomba akasema. "Mwambie aje."

Basi jibu lipo. Ni "njoo". Kinachongojewa ni apige tena.

Jumatatu, 23 Februari

Nataka niandike hii jinsi ilivyokuwa, nisiipambe.

Mjomba alikuwa amekasirika. Muuzaji wake wa Dubai anamtumia picha za vipuri, picha hazifunguki, kwa sababu parcelle nzima iko kwenye video. Candide wa chumba cha kwanza anamwonyesha dada yake aliye Bruxelles hata sufuria ya maharagwe inavyochemka. "Hii connexion yako inatembea kama mgonjwa," mjomba akaniambia. "Funga hizo appels zote, za sauti na za video. Message ipite. Appels apana. Na usiwaambie, watanijia hapa na kelele. Sema ni réseau, mtandao mbovu."

Nilimfikiria Mama Consolée. Siwezi kusema sikumfikiria. Nilitaka kuuliza: mjomba, na yule mama je? Lakini alishageukia mteja, na mi kumkatiza mtu mzima mbele ya mteja siwezi. Nikajiambia mwanawe ataandika message. Nilijua vizuri kwamba Mama Consolée kusoma kunampa shida.

Nikaandika kanuni za kuchuja. Kila kitu kinachopita kwenye seva kinakatwa vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti imeandikwa inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa mlango gani. Ukijua milango ya sauti na video, unazifunga. Pakiti inafika, seva inaitupa, haimwambii mtu kitu.

Sasa hapa ndipo penyewe. Seva inasoma kanuni kutoka juu kwenda chini. Ikikuta inayokuhusu, inaishia hapo, ya chini yake haikugusi. Na mi juu kabisa, kabla ya zote, niliandika ya kwangu: simu yenye anwani hii, ipite.

Ni kwa sababu ya Eddy. Tulikaa dawati moja mpaka mwaka jana, wazazi wake wakamhamishia shule Kampala. Ni mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kuhesabu maneno kwanza. Humu ndani hakuna anayejua, na mjomba akijua sijui atanifanya nini.

Baada ya hapo picha za Dubai zikafunguka. Mjomba akanipa Fanta ya kufuturia, akasema mbele ya mkewe, "Huyu mutoto, shule yake haikwenda bure."

Niliinywa yote.

Alhamisi, 26 Februari

Amekuja mlangoni kwetu na simu mkononi, ameinyoosha kama kitu kinachouma.

"Asiya mutoto yangu, angalia iyi. Inaita. Nakamata. Inaandika tu, inaandika, kisha kimya. Njo nini?" Kwao "njo" ni "ndiyo".

Kwenye skrini ilikuwa namba ya Congo. Chini yake: inaunganisha. Mlio hupita njia ya message, sauti ndiyo inatupwa.

Nikasema, "Ni réseau, mama."

"Réseau ya kwetu ao ya kwao?"

"Ya kwao."

Akanishukuru. Alinishukuru.

Jumapili, 1 Machi

Nimeongea na Eddy. Kamera sikuwasha, huwa siwashi. Alinisimulia habari za bweni lao mpaka nikacheka kwa sauti, halafu nikasikia mtu anachota maji pale robinet, nikanyamaza.

Jumatano, 4 Machi

Mvua kubwa ya mawe. Courant, yaani umeme, ilikatika mchana, ikarudi karibu na futari. Nilikuwa nakata vitunguu nikamsikia Candide anapiga makelele ya furaha: "Dada! Nakuona! Nakuona vizuri!"

Kisu kikasimama. Zile kanuni za kubadilisha anwani, za siku ya kwanza, nilizihifadhi. Hizi za kuchuja niliziandika tu zikaanza kazi, kuzihifadhi nikasahau. Seva ikizimika inazisahau. Ikiwaka, milango yote iko wazi.

Mama Consolée naye akajaribu. Akaipigia ile namba ya Congo, akashika mtu, ndiye mwenye simu. "Dieudonné ametoka. Kesho saa sita nitamupatia simu akupigie, mama." Alikwenda chumba hadi chumba kutangaza. Kwangu alikuja mwisho. "Mvua imesafisha njia," akaniambia. "Ni Mungu."

Mjomba alipita nyuma yake. "Ingénieur, connexion imekuwa nzito tena. Angalia."

Nikasema nitaangalia.

Alhamisi, 5 Machi

Asubuhi kabla ya shule niliziandika upya. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na chai ya mteja mkononi, alikuwa anangoja tu. Ningeweza kuuacha wazi ule mlango mmoja wa sauti. Ningeweza kuingiza anwani ya Mama Consolée chini ya yangu, ni mstari mmoja. Vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Nikafikiri: mjomba akiuliza kwa nini yule yuko wazi, ataangalia mstari wa juu yake.

Niliporudi kutoka shule nilimkuta Mama Consolée amekaa kwenye ngazi ya chumba chake. Simu imelala chini, kwenye saruji, kama kitu alichokitua.

"Amepiga?"

"Amepiga mara nyingi. Nakamata, kimya. Nilimwita jina lake mpaka Candide akatoka kuangalia nani amekufa."

Nikaingia ndani. Sikuweza kusimama pale.

Jumapili, 8 Machi

Courant ilikatika, ikarudi. Mama Consolée alikimbia na simu kabla hata taa hazijatulia, akapiga ile namba. Imezimwa. Mi nikaenda stoo nikaandika kanuni zangu. Sasa nazijua kwa moyo, kama Al-Fatiha, na Mungu anisamehe kwa kufananisha.

Jumanne, 10 Machi

Mjomba kachoka. "Kila courant ikirudi mpaka nikuite? Serveur gani hii inayosahau kama mzee? Tengeneza mara moja tu."

Kuhifadhi ni amri moja fupi. Niliiandika, nikabonyeza, seva haikusema kitu. Ikikubali huwa haisemi.

Mjomba akanipigapiga begani. Nikaenda kutawadha. Sijui kama funga yangu ya leo inahesabiwa.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Courant ilikatika, ikarudi. Mama Consolée alisimama chini ya mabati na simu yake mpaka vazi likalowa upande. Kimya. Candide akamtania kutoka dirishani: "Mama Consolée, leo Mungu hana unités za kupigia simu?"

Akacheka naye. Anapenda utani. Halafu akaendelea kusimama.

Ijumaa, 13 Machi

Vilevile.

Jumamosi, 14 Machi

Leo Mama Consolée ameniita chumbani kwake. Sikuwahi kuingia. Kitanda, jiko, mfuko wa nguo, na kwenye kona mkeka mpya umekunjwa, bado una karatasi ya duka. Sikuuliza ni wa nani.

"Kuna kitu imeingia kwa simu. Si ya kuandika, iko na sauti. Nasikiliza lakini pengine sisikii vizuri. Weye umesoma, sikiliza."

Ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Sauti za hivyo zinapita, nilizipisha mwenyewe, zinahesabiwa kama message. Namba mpya, si ile ya kwanza. Kijana anaongea haraka, nyuma yake injini inanguruma:

"Mama, ni mi. Nakupigia, unakamata, unanyamaza. Nasikia umekamata, mama, inaonekana. Mara ngapi sasa. Kama ungali na hasira ya siku ile, sawa. Nimeelewa. Camion ya machimbo inaondoka leo, nitaenda na bengine. Simu ni ya chauffeur, usijibu hapa. Ubaki muzima."

Ikaisha. Akaniangalia.

"Nimesikia vizuri?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Anasema ninamunyamazia."

"Ndiyo, mama."

"Mi?" Akajigusa kifua kwa kidole, kweli kama mtu anayeuliza. "Mi njo namunyamazia?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, hata mimi mwenye aibu nisingepata nafasi nzuri zaidi ya ile. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Mama, nimegundua kuna tatizo kwenye seva. Nadhani lilikuwa linazuia appels. Ngoja nilitengeneze."

Nimegundua. Nadhani. Lilikuwa linazuia. Kama vile seva ilijiamkia asubuhi na kuamua.

Nikakimbilia stoo nikafuta kanuni zote za kuchuja, na ile ya kwangu, nikahifadhi. Nikarudi. Akapiga namba ya chauffeur, ikaita vizuri, ikaita mpaka ikachoka. Haikushikwa. Akapiga tena. Akaniangalia kwa upole ambao sitausahau, akasema: "Aksanti mutoto yangu. Weye njo unanisaidia katika nyumba iyi yote."

Nilitamani anipige kofi.

Jumapili, 15 Machi

Sikuongea na Eddy. Alipiga, nikaacha iite.

Candide na dada yake wako kwenye video tangu asubuhi. Mjomba bado hajagundua.

Jumatatu, 16 Machi

Nimesema.

Sikwenda shule. Nilimkuta Mama Consolée anafua pale robinet. Nilikuwa nimejipangia maneno kwa Kifaransa kwanza, kwa sababu kwa Kifaransa kila kitu kinaonekana kama zoezi, halafu nikaona hilo nalo ni ujanja. Nikasema kwa Kiswahili, hapohapo, nikiangalia povu.

"Mama, si réseau. Haikuwa réseau siku hata moja. Ni mimi niliyefunga appels. Mjomba aliniagiza, nikafunga. Mvua ilikuwa inazifungua, mi nikawa narudisha. Halafu nikafunga moja kwa moja."

Akaendelea kufua. Nikafikiri hajasikia.

"Bote?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Ulifunga bantu bote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu angejua, nimeshaifuta.

"Apana. Yangu niliiacha."

Ndipo akasimama. Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. Akanishika mkono, si kwa nguvu, akanipeleka hadi dukani, mjomba akiwa anamwonyesha mteja rotule, kipuri cha usukani.

"Sema mbele yake."

Nikasema. Mbele ya mjomba, mbele ya mteja, mbele ya fundi aliyelala chini ya gari, Probox, nikamwona ametoa kichwa. Nikasema mpaka habari za Eddy. Sauti yangu ilikuwa kubwa, sijui ilitoka wapi.

Mjomba akaiweka rotule chini. Alikuwa ametahayari, sijawahi kumwona hivyo. "Mama Consolée, usimbebeshe mutoto. Amri ilikuwa yangu. Sikuwaza mambo ya kijana wako, haki ya Mungu sikuwaza."

"Papa Swedi, weye ulisema apana kwa bantu bote. Uyu alisema apana kwa bote, isipokuwa yeye." Hakupandisha sauti. "Na kila siku nilikuwa nakuja kwake, ananiita mama."

Mteja akasema atarudi baadaye.

Jumanne, 17 Machi

Mjomba amechukua simu yangu. Hakunigombeza. Ameniagiza tu nitafute namna ya kumgawia kila mtu kipimo chake cha connexion bila kumfunga mtu, ili picha zake zipite na watu waongee. Kumbe namna hiyo ipo. Ilikuwepo tangu mwanzo, Monsieur Darius aliwahi kuitaja darasani. Sikuitafuta kwa sababu kufunga kulikuwa kwepesi, na yangu ilikuwa wazi.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Courant haikukatika. Mama Consolée anachota maji nikiwa ndani, na mi nachota akiwa ndani.

Ijumaa, 20 Machi. Idi

Mke wa mjomba alinipa sahani ya pilau nimpelekee Mama Consolée. Nilibisha mlango nikitumaini hayupo. Alikuwepo. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema Idi njema, kama jirani na jirani. Nikageuka, na hapo simu yake ikaita.

Namba ngeni. Akaitazama. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akaninyooshea mimi.

"Kamata weye. Mwambie. Akisikia sauti yangu kwanza, atafikiri natafuta kisingizio."

Mi sijawahi kuongea kwa simu na mtu nisiyemjua. Hata dukani mjomba akiniachia simu huwa naiacha iite. Nikashika.

"Allô? Allô, mama?"

"Si mama. Naitwa Asiya. Ni wa parcelle anapokaa mama. Mama yako yuko hapa, usikate." Nikavuta pumzi. "Hakukunyamazia. Alikuwa anaongea, alikuwa anakuita jina lako, sauti haikuwa inatoka kwa sababu mi niliizuia. Kwenye machine. Alitaka kukuambia uje. Amekutafutia na pa kulala. Siku zote jibu lilikuwa uje."

Kimya. Nikaangalia skrini haraka, kwa mazoea. Haikuandika kitu, ilikuwa inahesabu sekunde zake kama kawaida. Laini ilikuwa wazi. Nikaiweka tena sikioni, nikamsikia anapumua. Nyuma yake watu walikuwa wanagonga mawe, kwa nyundo, wengi, bila kupishana.

"Sasa niko huku," akasema mwisho. "Patron amekamata carte zetu za kitambulisho. Mpaka msimu uishe hakuna kutoka."

Pole ingekuwa matusi.

"Weye uko na miaka ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na saba."

Akapumua tena. "Mupatie mama."

Nikampa. Nikaiweka sahani sawasawa kando ya jiko, nikaelekea mlangoni ili niwaache. Mkono wa Mama Consolée ukanifuata, ukanikamata hapa, kwenye kifundo cha mkono, ukanirudisha mpaka ukingo wa kitanda. Hakuniangalia. Alikuwa ameshaanza: "Dieu, ni mi. Ni mama. Unanisikia? Unanisikia kweli?"

Waliongea mpaka betri yake ikaisha. Hakuniachilia hata mara moja. Nilisikia yote.